Ufa wa Daraja la Lwagasa

Wilhelmina Kashaija hakuamini. Aliinama juu ya kompyuta ndogo iliyowekwa kwenye jabali, akakinga jua kwa kiganja, akatazama mpaka mwisho, kisha akamwambia Chenge airudishe nyuma waone upya.

"Hiyo ni rangi," alisema. "Rangi imekatika. Rangi ikizeeka hukatika hivyo."

"Rangi haitembei, mama," Chenge akajibu.

Walikuwa chini ya Daraja la Lwagasa, upande wa Ilemela, pale mto unapopenya katikati ya majabali kabla ya kuingia ziwani. Ilikuwa saa nne asubuhi ya Alhamisi. Juu ya vichwa vyao magari yalipita kama siku zote: malori ya saruji, magari ya barafu yakienda mwaloni, soko la samaki ufukweni, kuchukua sangara, bodaboda zilizobebeshwa magunia ya dagaa hadi dereva haonekani. Kila lori lilipopita, daraja lilinguruma na vumbi jembamba likawadondokea mabegani.

Wilhelmina alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye mabega mapana na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alizaliwa Kamachumu kwa mkulima wa kahawa, akasomea ufundi sanifu wakati ambao darasa zima lilikuwa na wasichana wawili, na yule mwenzake aliacha mwaka wa kwanza. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kukagua madaraja ya chuma. Alikuwa na nyundo ndogo ambayo hakumwazima mtu. Aligonga, akainamisha kichwa, akasikiliza. Chuma kizima hulia, aliwafundisha waliokuja nyuma yake. Chuma kibovu hukoroma. Ofisini walimwita Mama Nyundo, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Lwagasa alikuwa amelikagua miaka kumi na moja mfululizo, kila mwezi wa sita. Mara kumi na moja aliandika neno moja: salama. Ndiyo maana Chenge alipokuja idarani na kamera yake, akiomba apewe daraja zima lisilo na shaka, ili kwanza ajue chombo chake kinaonaje chuma chenye afya, Wilhelmina ndiye aliyemchagulia. "Anza na Lwagasa," alimwambia. "Lile halina shida."

Chenge alikuwa mhandisi wa miaka thelathini na moja, mwenyeji wa Magu, mpole, mwenye tabia ya kumaliza sentensi kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi. Alikwisha kumweleza mara mbili jinsi kamera inavyofanya kazi, na mara zote mbili Wilhelmina aliitikia kwa kichwa kwa adabu huku moyoni akisema, haya ni ya vijana. Sasa akaeleza mara ya tatu.

"Chuma kinachoka, mama, unajua kuliko mimi. Ukikunja waya mara moja hauna neno. Ukunje mara mia, unakatika bila kupiga kelele. Ufa wa uchovu ndio huo. Na ukiwa mchanga unafumba mdomo daraja likiwa tupu, jicho haliuoni. Lazima uusubiri daraja likiwa limebebeshwa mzigo." Aligusa kioo cha kompyuta. "Kamera inapiga picha nyingi sana kwa sekunde moja. Kompyuta inashika kila alama kwenye chuma, doa la kutu, uchafu, mkwaruzo, maelfu kwa maelfu, inazifuata moja moja. Lori likipita, alama zote zinasogea pamoja. Chuma kizima kinasogea kama kitu kimoja. Lakini hapa..."

Akabonyeza. Picha ilionyesha kiungo ambacho boriti ya kukingama hushikana na mhimili mkuu wa upande wa ziwani. Chenge alikuwa ameukuza mwendo mara thelathini, ili kilicho kidogo kuliko unywele kionekane kwa macho. Lori likaingia darajani. Alama za kulia zikaenda kulia. Alama za kushoto zikabaki nyuma. Katikati yake, kwenye mstari ule ambao Wilhelmina aliuita rangi, chuma kikafunua mdomo. Lori likaondoka, kikafumba. Likaja jingine, kikafunua.

Kompyuta ikaupaka mstari huo wekundu wote. Ulikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, kuanzia ncha za vidole hadi kupita kiwiko.

"Hapana," alisema Wilhelmina.

Alichukua nyundo, akapanda ngazi. Alifika kwenye kiungo, akagonga. Ngeng! "Unasikia?" alipaza sauti. "Kinalia hicho!" Akagonga tena kidogo pembeni, na sauti iliyorudi haikuwa ileile. Ilikuwa fupi, ya puani.

"Mama, vua glavu," Chenge alisema kutoka chini. "Weka kidole kwenye mstari, usubiri gari."

Alivua glavu. Aliweka kidole gumba kwenye mstari, laini, wa baridi, wenye rangi ya kijivu aliyoifahamu. Akasikia lori la saruji likibadilisha gia mlimani, likiteremka, likiingia. Daraja likanguruma. Na chini ya kidole chake chuma kikafunguka, kisha kikafumba na kuifinya ngozi yake kama mdudu.

Aliuondoa mkono kwa nguvu hata akakaribia kuanguka. Aliutazama. Palikuwa na alama ndogo nyekundu kwenye nyama ya kidole. Kwa muda ambao hakuweza kuupima alisimama pale juu ya ngazi akiitazama alama ile, na kichwani mwake hapakuwa na wazo lolote isipokuwa hesabu moja: madaraja mengine yana mihimili minne, mitano, mmoja ukifa mingine inabeba. Lwagasa lina miwili.

Hapo ndipo aliposikia uimbaji. Sauti za wanawake, nyingi, zikitoka upande wa mjini, zikija na muungurumo wa magari mazito. Msafara wa msiba. Aliona kwenye mwanya wa majabali: Fuso mbele limebeba jeneza na wanaume waliosimama, nyuma yake mabasi mawili yaliyojaa mpaka milangoni.

Hakukumbuka baadaye alivyoshuka ngazi. Alikumbuka tope la ukingoni lililomng'ang'ania buti la kushoto, naye akaliacha humohumo. Alipanda ukingo wa mto kwa mikono na magoti, akatokea barabarani na buti moja na soksi moja, akasimama katikati mbele ya Fuso, mikono juu.

"Simama! Usiingie! Usiingie darajani!"

Dereva alifunga breki hadi matairi yakalia. Uimbaji ukakatika. "Mama, una wazimu? Huoni huu ni msiba?"

"Nimeona. Zima gari."

"Toka njiani!"

"Zima gari, mwanangu, nakuomba kwa jina la Mungu. Daraja limepasuka."

Watu waliruka kutoka kwenye Fuso. Mmoja alimshika kola ya koti na kumvuta pembeni. Mwingine alimwuliza yeye ni nani, nani kamtuma, kitambulisho kiko wapi. Daraja lilikuwa mbele yao, limenyooka, limepakwa rangi, kingo zake zikimetameta juani, na nyuma yake gari la barafu lilikuwa likija kutoka ng'ambo bila shaka yoyote. Wilhelmina alijitoa mikononi mwao, akapiga kelele mpaka sauti ikampasuka. Gari la barafu likaingia. Watu wote waligeuka kulitazama yeye akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Likapita. Halikuanguka. Mtu mmoja akacheka.

Akateremka mzee kutoka basi la kwanza, mrefu, amevaa koti jeusi lililomzidi mikono. Walimpisha. Alikuwa Mzee Shimba, kaka wa marehemu.

Hata katika hali ile Wilhelmina alipinda magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, dada yangu amekwisha kuaga nyumbani. Maiti hatuigeuzi njiani."

"Sikuombi umgeuze, baba. Nakuomba ashuke kwenye gari."

Ndipo Chenge alipofika, anahema, kompyuta ameikumbatia kifuani. Hakusema mengi. Aliiweka juu ya boneti ya Fuso, akaonyesha. Mzee Shimba alitazama, watu wakarundikana nyuma ya mabega yake. Lori la saruji lilipita kwenye picha, na chuma kikafunua mdomo. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma akasema "Yesu wangu!" na kuwapa wenzake mgongo. Aliyecheka hakucheka tena.

"Hiki ndicho tunachotaka kupita?" aliuliza mzee.

"Ndicho," alisema Chenge. "Picha hii ni ya asubuhi hii."

"Mimi nilipita hapa Jumapili. Na wajukuu." Mzee aliutazama mstari mwekundu kwa muda. "Anayelikagua daraja hili ni nani?"

Chenge akainamisha macho. Wilhelmina angeweza kusema ni idara. Hakusema.

"Mimi, baba. Miaka kumi na moja."

Mzee Shimba alimtazama kuanzia usoni mpaka kwenye soksi yenye tope. Watu wakangoja amwambie neno, naye Wilhelmina alilingojea kama mtu anavyongojea kofi. Halikuja.

"Basi tuelekeze," alisema mzee. "Wewe ndiye uliyepo."

Walifanya hivyo. Wilhelmina alimtuma mwendesha bodaboda mmoja avuke kwenda kuziba upande wa pili kwa matawi na mawe. Chenge akarudi chini kwenye kamera yake. Jeneza likateremshwa, wanaume sita wakalibeba mabegani, na Wilhelmina akawapitisha upande wa mlimani, mbali na mhimili mgonjwa, polepole, wasiende mguu sawa. Uzito wao ukilinganishwa na lori ulikuwa si kitu, alijua hivyo kwa hesabu. Lakini asubuhi ile hesabu zake zilikuwa zimepoteza heshima machoni pake. Kutoka chini sauti ya Chenge ilipanda: "Limetulia! Pitisheni!" Wakafuata wanawake, kumi kumi. Hakuna aliyeimba. Wengine walishika kingo, wengine waliogopa kuzishika. Bibi mmoja alivua viatu, akavibeba mkononi kana kwamba nyayo tupu zingempunguzia uzito.

Alipokwisha kuvuka wa mwisho, Wilhelmina alikaa chini palepale barabarani, meno yakigongana kwenye jua la saa tano.

Mkuu wa idara alipiga simu kabla hata Wilhelmina hajampigia. Foleni ilikuwa imefika mbali. "Nani amekupa ruhusa ya kufunga barabara?"

"Nimejipa, mkuu."

"Umefunga upande gani?"

"Nimelifunga lote."

Alikuja mwenyewe ndani ya saa moja, amekasirika, tai imelegea. Akaonyeshwa picha chini ya daraja. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaomba aone tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Lifungeni," kana kwamba bado lilikuwa wazi.

Kilichohitajika sasa ni kuiondoa rangi, ufa uonekane wenyewe na upimwe. Kazi ya namna hiyo inataka mkono mwepesi, na Wilhelmina hakutaka mkono mwingine ila wa Fundi Salum.

Salum alikuwa mchomeleaji wa mtaa wa Mabatini, mtu wa miaka sitini, mtoto na mjukuu wa mafundi chuma. Wilhelmina alipoanza kazi akiwa binti asiyejua hili wala lile, Salum ndiye aliyemfundisha kuutambua mchomo mzuri kwa kuutazama: mawimbi yake madogo yaliyolala sawasawa, kama ukili uliosukwa na mtu asiye na haraka. Tangu hapo, kila daraja alilolifikia, aliweza kusema hapa amepita Salum na hapa hakupita. Walikula pilau ya Idi nyumbani kwake Salum kila mwaka, na Krismasi Salum na mkewe Mastura walikula ndizi kwake.

Asubuhi ya Ijumaa alifika kwa bodaboda, grenda yake ya kukwangulia chuma imefungwa kwenye gunia. Alikuwa na mzaha kama kawaida. "Dada, nasikia jana umeteka msiba."

"Panda ukaone, kaka. Hata mimi sijalala."

"Ni wapi?"

"Kiungo cha tatu, mhimili wa ziwani. Ubavu wa ndani."

Mzaha ukamtoka usoni. Wilhelmina aliliona hilo, lakini alidhani ni hofu ya kazi. Salum alipanda ngazi na brashi ya waya. Alifika, akasimama mbele ya kiungo, akakaa hivyo muda mrefu bila kukigusa. Kisha akashuka, ngazi moja baada ya nyingine, akakaa juu ya jabali na kuiweka brashi miguuni.

"Dada Wilhelmina," alisema. "Hapo kwenye mstari pana puti. Ile ya kuzibia mabodi ya magari."

"Umejuaje, na hujakwangua?"

Salum aliyatazama maji. "Niliiweka mimi."

Wilhelmina alisikia maneno hayo vizuri kabisa na hakuyaelewa. Ilikuwa kama kuambiwa jambo katika lugha ambayo kila neno unalijua lakini sentensi inakataa kusimama. Alimgeukia Chenge, naye Chenge alikuwa ameacha kufunga kamera, mikono hewani.

"Sema tena, kaka."

"Miaka sita iliyopita. Lilipokuwa linapakwa rangi, ule mwaka wa sherehe ya barabara. Mkandarasi yule aliyetoka mbali alinichukua nitengeneze kingo. Nikauona. Ulikuwa hivi." Alionyesha kidole chake cha shahada, nusu yake. "Nikamwambia msimamizi. Akasema wageni wanakuja keshokutwa, ziba, paka rangi, tutaandika barua wataalamu waje. Nikaziba. Nikapaka."

"Barua iliandikwa?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Miaka sita, Salum!" Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Ulinikaribisha kwako miaka sita. Nimekula mezani pako."

"Kila mwezi wa sita nilikuwa nakungoja, dada. Nikisikia umekwenda Lwagasa, chakula hakishuki. Muulize Mastura. Nasema leo Wilhelmina atauona, leo mambo yatatoka, na iwe. Unarudi unasema liko salama. Basi nafurahi! Nasema, Wilhelmina mwenye nyundo amegonga na hakusikia kitu. Mimi ni nani? Ule haukuwa ufa. Ulikuwa mkwaruzo. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini."

Wilhelmina alitaka kumpiga. Alitaka kweli, mkono ulimwinuka. Lakini kitu kingine kilikuwa kikipanda ndani yake, kibaya kuliko hasira, naye akaketi kwenye jabali la pili.

"Mimi," alisema, "kila kiungo nagonga mara tatu. Juu, katikati, chini. Pale nilikuwa nagonga mara moja. Juu tu." Alikionyesha kiungo kwa kidevu. "Kwa sababu kingo za pale juu zilikuwa na mchomo wako. Niliuona nikasema, hapa amepita Salum. Nikaendelea mbele."

Mto ulipita. Wote wawili walikaa wakitazamana kama watu waliokutana nyumba inaungua, kila mmoja akiwa amemwachia mwenzake kazi ya kuzima moto.

Mwisho Salum aliinuka. Alifunga grenda kwenye umeme wa jenereta, akapanda, akafanya kazi aliyoitiwa. Rangi ilitoka, kisha puti ikatoka kwa vipande vya rangi ya maziwa. Chenge akapulizia dawa nyekundu inayopenya nyufa, akasubiri, akafuta, akapulizia nyingine nyeupe ya kuivuta nje. Na dawa nyekundu iliyokuwa imejificha ndani ya ufa ikaanza kutoka yenyewe, polepole, kama jasho. Ilitoka urefu wote ambao kamera ilikuwa imeuonyesha. Kisha ikaendelea. Ilipanda juu ya mhimili zaidi ya pale ambapo picha iliishia, ikapinda, ikagawanyika matawi mawili. Chenge alipima kwa mkanda, akapima tena. Chuma kilichobaki kizima hakikufika nusu.

"Lingedumu muda gani?" Wilhelmina aliuliza.

Chenge alikunja mkanda wa kupimia. "Labda mwaka," alisema. "Labda lisingefika jana jioni."

Salum alishuka, akatapika nyuma ya jabali.

Taarifa aliiandika Wilhelmina mwenyewe. Mkuu aliisoma, akaipeleka pembeni ya meza kwa vidole viwili. Alimshauri aandike kwamba ni kasoro iliyojificha, jambo ambalo halikuwa uongo. "Umebakiza miaka saba ustaafu, mama. Na yule fundi ana wajukuu wanaomtegemea."

"Imejificha, ndiyo," alisema Wilhelmina. "Lakini ilikuwa na wa kuificha, na ilikuwa na wa kuitafuta. Majina yapo."

Hakubadili neno. Daraja lilifungwa wiki saba. Watu walizunguka njia ndefu ya mlimani, akina mama wa dagaa wakamlaani kwa jina, na wengine walipomwona mjini walishusha sauti. Ncha za ufa zilitobolewa matundu ya mviringo ili usiendelee kukimbia, mabamba mapya yakafungwa kwa bolti kila upande. Wilhelmina alisimamishwa kazi miezi mitatu akihojiwa. Waliporidhika kwamba hakuficha, walimrudisha, lakini si peke yake: alipangwa chini ya Chenge, na kila alipogonga palipigwa picha. Salum alikatazwa kazi zote za serikali. Yule mkandarasi wa rangi bado anatafutwa. Kampuni ilibadili jina, na simu ya msimamizi haipatikani.

Katika miezi hiyo Wilhelmina hakwenda Mabatini, wala Salum hakuja kwake. Idi ilipita. Alipika pilau mwenyewe, akala nusu, iliyobaki akaifunika.

Alikuwa na wiki moja tangu arudi kazini pale mlango wa ofisi ulipogongwa, akaingia Mastura. Alikuwa amemshika mumewe mkono juu ya kiwiko, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Salum alikuwa amekonda. Kanzu ilimning'inia.

"Wifi, hatujaja kusalimia," alisema Mastura. "Nimemleta. Mwambie."

Salum alitazama sakafu.

"Mwambie, Baba Yasmin, au nitasema mimi."

"Liko jingine," alisema Salum.

Kalamu ilimtoka Wilhelmina mkononi, ikabingirika mpaka ukingoni mwa meza, hakuna aliyeidaka. Chenge, aliyekuwa dirishani, aligeuka taratibu.

"Wapi?"

"Daraja la Kasindwa. Hapo sikuweka puti. Nilichomelea juu ya ufa bila kuuchimba kwanza. Mchomo unaonekana mzuri. Ukiutazama utausifu."

Na kweli alikuwa ameusifu. Alikumbuka siku yenyewe: alimwita Chenge wiki ile ile ya kurudi, wakiwa wanapita Kasindwa, akamwonyesha mchomo ule akisema, tazama, hivi ndivyo chuma kinavyoshonwa.

Walikwenda saa ileile, wote wanne katika gari la ofisi. Chini ya Kasindwa Salum alionyesha kwa kidole, kisha akarudisha mkono haraka ndani ya kanzu. Chenge akasimamisha kamera. Wakangoja basi, likapita. Wakangoja lori la kokoto. Kwenye kioo, ukingoni mwa mchomo ule wenye mawimbi yaliyolala sawasawa, alama zikaachana. Mstari mwekundu ulikuwa mfupi, kama njiti ya kiberiti.

"Mchanga," alisema Chenge, akashusha pumzi. "Huu tunaumudu. Tutautoboa ncha wiki hii hii."

Mastura alifunika uso kwa ushungi. Wilhelmina hakusikia nafuu. Alimgeukia yule mtu aliyemfundisha kazi.

"Yako mangapi, kaka?"

"Hayo mawili. Wallahi, dada, hayo mawili tu."

Alimwamini. Jambo lililomtisha ni hilo, kwamba alimwamini papo hapo, kwa urahisi uleule wa siku zote, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu cha zamani. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa mtupu, akampa Chenge kalamu.

"Andika," alimwambia. "Kila daraja alilolichomelea tangu aanze. Nayo niliyoyakagua mimi yote. Tutayapita yote na kamera, lisibaki hata moja, bovu wala zima."

Salum hakubisha. Alikaa kwenye jiwe akaanza kutaja, moja baada ya jingine, mengine kwa jina la mto, mengine kwa jina la fundi aliyekuwa naye. Na pale aliposita, Mastura, aliyekuwa amempelekea chakula kazini miaka yote hiyo, ndiye aliyemkumbusha.